Gitaa la Zamani Husomwa Tumboni

Ukiletewa gitaa kavu la zamani ulinunue, usianze kwa kusoma jina lililo kichwani. Jina hubandikwa, huchorwa upya, na hata likiwa la kweli huenda nusu ya gitaa lililo chini yake si la kiwandani tena. Tafuta kioo kidogo cha mpini, cha aina wanayotumia madaktari wa meno, na tochi nyembamba, kisha uchungulie kupitia tundu la sauti. Ukikosa kioo, legeza nyuzi, uipenyeze simu ndani huku kamera ikitazama juu, upige picha za upande wa chini wa ubao wa mbele. Muuzaji akikukataza kuchungulia, mwachie gitaa lake.

Sababu ya kuanzia huko ni hii. Seti ya kawaida ya nyuzi sita za chuma, ikikazwa hadi sauti zake zikae sawa, huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Mzigo wote huo unabebwa na ubao wa sprusi wenye unene wa milimita tatu hivi. Fundi akiuacha ubao huo mnene, gitaa litadumu lakini litanuna. Akiukwangua ukawa mwembamba, litaimba, kisha siku moja litajikunja. Kinachowafanya wakusanyaji wakimbilie magitaa ya Marekani ya kati ya mwaka 1925 na 1945 ni kwamba mafundi wa enzi hizo walisogea karibu mno na ukingo wa hatari. Uzee peke yake hauna thamani; yako magitaa ya miaka ya 1970, yenye nusu karne sasa, ambayo ni mazito na mabubu kama siku yalipotoka kiwandani. Unachonunua ni wepesi. Unachokagua ni gharama ambayo wepesi huo umeshalipa.

Ndiyo maana inafaa ujue yalivyotengenezwa. Christian Frederick Martin alizaliwa mwaka 1796 huko Markneukirchen, Saxony, mji wa mafundi wa ala za muziki. Mwaka 1833 alihamia New York, na kabla ya muongo ule kwisha akawa amehamishia karakana yake Nazareth, Pennsylvania, ambako kampuni ipo hadi leo. Magitaa yake ya kwanza yalikuwa madogo, yenye nyuzi za utumbo wa wanyama, ambazo mvuto wake ni mdogo. Katika miaka ya 1840 karakana hiyo ilianza kupanga mataruma kwa umbo la herufi X. Mataruma ninayosema ni vile vijiti vya sprusi vinavyogundishwa chini ya ubao wa mbele, vikifanya kazi ileile ya mataruma ya jahazi: kuzishika mbao zisisalimu amri. Kwa nyuzi za utumbo mpango huo wa X ulikuwa karibu anasa. Ulipata kazi yake nyuzi za chuma zilipoenea. Mwaka 1922 Martin walitoa 2-17, gitaa dogo la mahogani tupu, la kwanza katika orodha yao kujengwa kwa nyuzi za chuma kama jambo la kawaida.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1929, kwa ombi la mpiga banjo Perry Bechtel aliyetaka shingo ndefu, walitengeneza gitaa ambalo freti 14, badala ya 12, ziko nje ya mwili. Hiyo ndiyo OM. Mwaka 1931 wakatoa kwa jina lao wenyewe magitaa makubwa ya mabega mapana, ambayo tangu 1916 walikuwa wakiyatengeneza kwa ajili ya duka la Oliver Ditson. Waliyaita Dreadnought, kwa jina la manowari ya Uingereza. Kutoka hapo zikaja D-18 ya mahogani na D-28 ya rozwudi. Ya kifahari kuliko zote, D-45, ilitengenezwa kwanza mwaka 1933 kwa ajili ya mwimbaji Gene Autry, na hadi uzalishaji wake ulipositishwa mwaka 1942 zilikuwa zimetoka 91 tu. Ukiambiwa na mtu kwamba anauza ya 92, msalimie uende zako.

Sasa rudi kwenye kioo. Tazama mataruma mawili makuu yanayopishana. Katika Martin za miaka ya 1930 utaona kwamba fundi alichukua patasi akayachimba: yanashuka, yanapanda tena hadi kilele kidogo, kisha yanashuka kuelekea ukingoni. Kila gramu iliyoondolewa pale iliuacha uso wa gitaa utikisike kwa uhuru zaidi. Tazama pia yanapopishana. Hadi mwaka 1938 hivi, makutano hayo yalikuwa karibu na tundu la sauti. Baadaye yakasogezwa nyuma kuelekea daraja ili kuuimarisha uso. Mwishoni mwa 1944 uchimbaji wenyewe ukaachwa. Wapigaji walikuwa wakitafuta sauti kubwa kwa kuvisha nyuzi nene, nyuso zikavimba, na magitaa yakarudi kiwandani kudai matengenezo ya dhamana. Kampuni ikachagua usalama. Karibu na wakati huohuo sprusi nyekundu ya milima ya mashariki ya Marekani ilikuwa adimu, nafasi yake ikachukuliwa na sprusi ya Sitka kutoka pwani ya Pasifiki. Kwa hiyo taruma lililonyooka bila bonde ndani ya gitaa linalouzwa kuwa la 1937 ni ushahidi tosha kwamba kuna uongo mahali fulani: ama tarehe si yake, au uso umebadilishwa.

Namba zisome baada ya hapo. Martin hugonga namba ya mfululizo kwenye gogo dogo la ndani ambako shingo imechomekwa, nayo inaonekana kwa tochi. Mfululizo ulianza mwaka 1898 kwa namba 8000, na tangu mwishoni mwa 1930 jina la toleo nalo hugongwa hapohapo. Orodha za namba na miaka zimechapishwa na zinapatikana bure. Kwa Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, jitayarishe kuumwa kichwa. Namba zao za oda za kiwandani zilipigwa kwa wino ambao mara nyingi umefutika, na namba za miaka ya 1960 zilirudiwarudiwa, kiasi kwamba namba moja inaweza kuwa ya magitaa kadhaa ya miaka tofauti. Pale mwaka hukadiriwa kwa umbo la kichwa, upana wa shingo karibu na funguo, aina ya daraja na mtindo wa nembo, na mkadiriaji mwaminifu atakupa kipindi, hatakupa tarehe.

Gibson wenyewe walikuwa watu wa Kalamazoo, Michigan. Kampuni iliundwa mwaka 1902 kwa jina la fundi Orville Gibson. Mchango wao mkubwa ni ufito wa chuma unaopita ndani ya shingo na kukazwa kwa ufunguo, ulioandikishwa hataza mwaka 1923 kwa jina la Thaddeus McHugh. Martin hawakuweka ufito wa kurekebishika hadi mwaka 1985. Kabla ya hapo waliingiza nondo isiyorekebishika, na wakati wa vita, chuma kilipokuwa kwa mgao, kipande cha abunusi. Tofauti hiyo inakuhusu mnunuzi moja kwa moja. Shingo ya Gibson iliyopinda kama upinde huenda ikanyooshwa kwa dakika tano. Ya Martin itahitaji fundi ang'oe freti.

Kipindi ninachokipenda zaidi kwa Gibson ni cha vita. J-45 ilitoka mwaka 1942 kwa bei ya dola 45, wakati serikali ya Marekani ilikuwa imeweka kikomo cha metali katika ala za muziki na wanaume wengi wa kiwandani wameitwa jeshini. Waliobaki kwenye meza za kazi walikuwa hasa wanawake, na kwa muda mrefu historia rasmi ilinyamaza kuhusu kazi yao. Mbao zilitumika kadiri zilivyopatikana: utakuta uso wa mahogani mahali pa sprusi, mgongo wa mepo, shingo iliyounganishwa kwa vipande kadhaa, na nyingine hazina ufito wowote ndani. Kwa hiyo J-45 ya 1943 isiyofanana na mwenzake si lazima iwe imechakachuliwa. Tazama mataruma yake: ni membamba, yamechongwa kwa uangalifu ambao kiwanda hicho hakikuurudia kwa miongo mingi. Miaka ya 1960 kiwanda hichohicho kilikuwa kikifunga madaraja ya plastiki kwa skrubu. Hayo waachie wengine, isipokuwa bei iwe ya kutupa na una fundi wa kukuwekea daraja la mbao.

Ukiwa unaanza, lakini, usianze na hao wawili. Anza na Chicago. Kampuni ya Harmony, iliyoanzishwa mwaka 1892 na kununuliwa na maduka ya Sears mwaka 1916, ilitoa magitaa kwa wingi wa kushangaza hadi ilipofunga mwaka 1975. Mengi yamepangwa mataruma kwa mtindo wa ngazi, yaani yamelazwa sambamba kukatiza uso, njia ya haraka na ya bei rahisi. Sauti yake ni kavu, inaruka upesi na kufa upesi, na wapiga blues wengi waliipenda hivyohivyo. Toleo la Sovereign lina uso wa sprusi halisi na mgongo wa mahogani halisi, si plaiwudi, na bado huuzwa kwa mamia ya dola wakati Martin ya umri uleule inadai maelfu. Ndani yake tafuta muhuri wa wino wenye herufi F au S na tarakimu mbili za mwaka. Ubaya wake ni mmoja: shingo ikihitaji kupachikwa upya, gharama ya fundi inaweza kuizidi bei ya gitaa. Nunua lile ambalo shingo yake bado imekaa.

Na hili la shingo ndilo litakalokugharimu kuliko yote, kwa hiyo tulia hapa. Nyuzi zikivuta kwa miaka 40 au 50, mwili mzima hubadilika umbo kidogo, shingo huinama mbele, na nyuzi hupanda juu ya freti hadi vidole viume. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, katikati ya shingo, mpaka ncha ifike kwenye daraja. Ikilala sawa na usawa wa juu wa daraja au ikipita juu yake kidogo, uko salama. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imeondoka mahali pake. Kisha tazama kile kipande cha mfupa kinachokalia nyuzi juu ya daraja. Kikiwa kimesimama milimita tatu au zaidi, bado pana nafasi ya kushusha nyuzi. Kikiwa kimesagwa hadi karibu kimezama, mtu ameshaitumia nafasi hiyo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: daraja la kawaida lina unene wa karibu milimita nane, nao huliranda likabaki tano ili gitaa lipigike siku ya mauzo. Pima.

Shingo ya Martin au Gibson ya zamani imeingia mwilini kwa kiungo cha mkia wa njiwa, ikashikwa kwa gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kutokana na ngozi za wanyama na kupakwa ikiwa ya moto. Gundi hii ni moja ya siri za magitaa haya, nayo si siri ya kimuujiza. Ikikauka huwa ngumu kama kioo na haitelezi chini ya mzigo. Na ukiitia joto na mvuke hukubali kuachia. Fundi hung'oa freti ya 15, hutoboa kitundu kidogo hadi kwenye kiungo, hupuliza mvuke, na shingo hutoka nzima, akaichonga upya pembe yake na kuirudisha. Waliotengeneza gitaa walijua kwamba siku hiyo ingefika. Anayeharibu ni yule aliyekuja katikati na epoksi, au na bolti iliyopenyezwa kutoka nyuma ya shingo. Ukiona gundi ya rangi ya asali imetiririka ovyo kwenye gogo la ndani, uliza kwa makini. Ukiona gundi nyeupe au inayong'aa kama plastiki, punguza bei kwa kiasi kikubwa au ondoka.

Uso uliovimba kidogo nyuma ya daraja usikutie hofu. Gitaa jepesi lililofanya kazi huwa hivyo. Kinachotisha ni bonde kati ya daraja na tundu la sauti, kwa sababu linamaanisha kwamba mataruma yameachia au yamevunjika. Gonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole, sehemu baada ya sehemu. Taruma lililoachia hulia kwa mtetemo mdogo wa kukwaruza, na kwa kioo utaona mstari mweusi kati yake na ubao. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi mzuri. Chungulia pia kibamba cha mbao kilicho chini ya daraja, ambako vichwa vya nyuzi hushika. Katika Martin za kabla ya 1968 hivi ni kidogo, cha mepo. Kikiwa kimetafunwa kinazibika, lakini ukikuta bamba kubwa la rozwudi limegundishwa mahali pake, jua kwamba mtu aliongeza uzito pale panapouma sauti zaidi.

Nyufa zina viwango vyake. Ufa mrefu mmoja kwenye uso wa Martin, kando ya bamba jeusi au la madoadoa linalozuia mikwaruzo, karibu unategemewa. Bamba hilo ni la seluloidi, lililotiwa madoa kuiga gamba la ng'amba, na kiwandani liligundishwa moja kwa moja kwenye mbao kabla ya laka kupakwa. Seluloidi husinyaa kadiri miaka inavyopita, mbao haisinyai kwa kiasi hicho, basi kitu lazima kipasuke. Ufa huo ukiwa umezibwa vizuri haupunguzi sana thamani. Ufa wa mbavuni kutokana na kuanguka ni habari nyingine, na shingo iliyovunjika karibu na kichwa ni nyingine kabisa.

Laka usiiguse. Nyufa zake nyembamba, rangi yake iliyogeuka kuwa ya kaharabu, hata alama za kucha za mpigaji wa kwanza, vyote ni sehemu ya bei. Gitaa lililopakwa upya, hata kwa ustadi, mara nyingi hupoteza karibu nusu ya thamani yake sokoni, na wengi waliolipaka walidhani wanalipandisha. Taa ya rangi ya zambarau ya kukagulia noti hufichua mengi: laka ya zamani ya nitro hung'aa kwa kijani-manjano hafifu, na sehemu iliyopakwa juzi huonekana kama kiraka. Bei ya mtu maarufu nayo usiichanganye na bei ya mbao. Mwezi Juni 2020 gitaa la Martin D-18E la mwaka 1959 liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Toleo hilo, lenye vinasa sauti vilivyofungwa usoni, wapigaji wengi hawalipendi. Lilikuwa la Kurt Cobain.

Huku kwetu gitaa la zamani unaloweza kukutana nalo kwa urahisi zaidi halikutoka Nazareth. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa ya Gallotone, nayo yakaenea mbali katika bara hili katika miaka ambayo mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga alikuwa akirekodiwa na mkusanyaji wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Gallotone zilitangazwa kwa ahadi ya kutopasuka. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa mbao za tabaka, na kwa hali ya hewa yetu ilikuwa hesabu nzuri. Sauti ndiyo iliyolipa deni. John Lennon alianzia na Gallotone Champion, iliyonunuliwa kwa posta. Ukiikuta moja kwa mzee aliyewahi kupiga muziki, inunue kwa ajili ya historia, umlipe vizuri, uandike jina la aliyeipiga na mahali alipoipiga. Karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko gitaa.

Kabla ya kuagiza kutoka nje, uliza mbao ni za aina gani. Martin walitumia rozwudi ya Brazili kwenye D-28 hadi mwaka 1969, kisha wakahamia ya India. Rozwudi ya Brazili iko kwenye orodha kali kuliko zote za mkataba wa CITES tangu 1992. Kuivusha mpakani kibiashara kunadai cheti kinachothibitisha kwamba gitaa lilitengenezwa kabla ya marufuku, na bila cheti forodha ina haki ya kulitaifisha. Mpingo wetu ni wa jenasi hiyohiyo ya Dalbergia. Jenasi nzima iliwekewa masharti Januari 2017, ila tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa, isipokuwa zile za rozwudi ya Brazili. Mifupa ya daraja ya zamani nayo huenda ikawa pembe ya ndovu. Mwombe muuzaji aitoe na kuweka mfupa wa ng'ombe kabla ya kusafirisha, akueleze hivyo kwa maandishi.

Likishafika, usilifungue sanduku mara moja. Liache lizoee joto la chumba hadi kesho yake. Viwandani mbao hukaushwa na kuunganishwa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Dar es Salaam na Mombasa huwa juu ya hapo sana, uso huvimba na nyuzi hupanda. Dodoma wakati wa kiangazi ni kinyume chake, mbao husinyaa na kupasuka. Weka kipima unyevu ndani ya sanduku, na ukiwa pwani tupia vipakiti vya kufyonza unyevu, ukivikausha au kuvibadilisha kila mara. Usiliache kamwe ndani ya gari juani: gundi ya ngozi huanza kulainika kwenye joto ambalo gari lililofungwa hulifikia.

Kwa nyuzi, magitaa mengi ya zamani ya nyuzi za chuma yatatosheka na seti nyembamba inayoanzia inchi 0.012, na yale madogo 0.011. Lolote lililojengwa kabla ya miaka ya 1920 lichukulie kuwa ni la nyuzi za utumbo mpaka fundi atakapokuhakikishia vinginevyo, ulivishe nailoni, hata kama mwenye nalo wa mwisho alilitia chuma na hujaona ufa bado.